Kombo Yako Nini?

Wiki iliyopita nilimsikia mmoja wenu, ninyi mnaoshona siku hizi kwa mashine za umeme, akimwambia mteja: "Mama, kombo yako njo kutembea na mukono mumoja ku kiuno. Tutaongeza nafasi pale." Mama yule akacheka, akaweka mkono kiunoni palepale, akakubali. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na mlango, nikafurahi kimyakimya. Baadaye mkaanza kubishana neno hilo limetoka wapi. Mmoja akasema ni Lingala, mwingine akasema ni Kiswahili cha vitabu, wa tatu akasema ni mzee Ngoy mwenyewe aliyelitunga. Mzee Ngoy ni mimi, na sikulitunga. Kaeni niwaambie.

Mtu wa pwani atakuambia kombo ni kupinda. Kitu kikienda kombo, kimekosa kunyooka. Askari wa zamani aliyezoea Lingala ya kambini atakuambia kombo ni jina. Wote wawili wanasema kweli. Sisi tulilipata neno letu katikati yao, ndani ya duka la Fundi Rajabu kule Kenya, mtaa wetu na si ile nchi, mji huu ulipokuwa ungali unaitwa Elizabethville, na siku tuliyolipata ilibaki kidogo tupigwe.

Lakini kwanza mjue niliingiaje katika duka lile, maana mlango wenyewe haukufunguka kwa urahisi.

Nilizaliwa natumia mkono wa kushoto. Baba yangu, mtu wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga, aliona aibu. Shuleni mwalimu aliufunga mkono huo kwenye benchi kwa kamba ili niandike kwa ule wa kulia. Nikaandika, maandishi yakawa kama njia ya kuku kwenye majivu. Kushona kwa mashine nilijifunza bila taabu, kwa kuwa mashine haijali mkono. Makasi ndiyo yaliyonishinda. Mafundi wa sokoni walinijaribu mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alinipa kipande cha amerikani, akanitazama nikikitafuna badala ya kukikata, akaniambia niende kutafuta kazi ya kubeba mizigo.

Nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye ndevu. Niliapa kwamba nitakuwa fundi wa kukata. Fundi wa kushona tu hukalia kiti cha mwenzake maisha yote, lakini anayekata ndiye mwenye duka. Nikafika kwa Fundi Rajabu.

Alikuwa mtu wa Maniema, Mwislamu, mwembamba, kofia yake safi kila siku, na pini zimejaa mdomoni hata alipokuwa akizungumza. Mkewe, Mama Zaina, alikaa kwenye mkeka akitengeneza matundu ya vifungo kwa mkono. Nikawasalimia.

"Unatafuta nini, baba?" Fundi akauliza.

"Kazi, Fundi. Kushona najua. Kukata, bado."

"Juu ya nini bado?"

Nikamwonyesha mkono. Nilitegemea acheke. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa koti lake, akanipa makasi. Kitambaa kikatafunika kama kawaida. Mama Zaina akainua macho, akasema, "Rajabu, usimufukuze. Muangalie kwanza."

"Namuangalia," akajibu. Kisha akaniuliza, "Kombo yako ni hiyo tu, ao iko ingine?"

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno hilo. Nilidhani ananitukana. Nikamwambia kwa hasira kwamba sina kasoro nyingine yoyote. Akasema, "Muzuri. Tuko na moja ya kufanyia kazi."

Sasa sikilizeni, hili ni la ufundi. Makasi ya kawaida yametengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Unapoyafunga, gumba linasukuma na vidole vinavuta, na nguvu hiyo inabananisha zile nyembe mbili. Ukiyashika kwa kushoto, nguvu ileile inazitenganisha, kitambaa kinaingia katikati na kujikunja. Kwa hiyo mimi sikuwa mjinga. Chombo ndicho kilichokuwa cha mtu mwingine. Fundi Rajabu alilifahamu hilo kwa kunitazama mara moja. Upande wa Naviundu kulikuwa na mfua chuma aliyetengeneza visu na majembe kutokana na resori, yaani springi, za malori. Fundi akanituma kwake na makasi mabovu ya mfano, nimwambie ageuze kila kitu kana kwamba anayaona kwenye kioo. Makasi ya kwanza yalikuwa mazito kama jembe. Nikayarudisha. Mfua chuma akalalamika, akasema hajawahi kufua kitu cha kinyume namna ile, ni kama kuvaa suruali kwa kichwa. Nikakaa pale pale mpaka akaanza upya. Makasi ya pili yalikata.

Jambo lingine alilofanya Fundi lilikuwa dogo, lakini ndilo lililonipa kazi. Mafundi wote huwakalisha wanaojifunza ubavuni mwao. Mimi alinihamisha, akanisimamisha ng'ambo ya meza, uso kwa uso naye. Hapo mkono wangu wa kushoto ukawa upande mmoja na mkono wake wa kulia. Alipokata kuelekea dirishani, nami nilikata kuelekea dirishani. Nikajifunza kwa kumfuata kama kivuli chake.

Mkipata mtu wa kushoto dukani, msimweke ubavuni. Mmesikia?

Turudi kwenye neno. Fundi Rajabu alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mteja kombo yake kabla hajagusa utepe wa kupimia. Kwa Kiswahili cha kwao alimaanisha, mwili wako unapinda wapi? Aliamini hakuna mwili ulionyooka. Mtu akiingia kwa fundi, anajikaza, anavuta tumbo, anasimama kama yuko mbele ya picha. Ukimpima hapo umepima mtu mwingine, na nguo itamfaa huyo mwingine. Fundi alimwachia mteja azungumze, alalamikie bei ya unga, achoke, mguu mmoja ulegee, bega moja lishuke. Ndipo anasogea taratibu na utepe.

Wengi walichukia swali lile. Katekista mmoja alikaribia kuondoka.

"Mi nilioa ku kanisa," akasema. "Watoto yangu bote balibatizwa. Kombo gani mi niko nayo?"

"Inua mikono, baba, kama unasali," Fundi akamwambia.

Katekista akainua. Shati likachomoka kwenye suruali mpaka kitovu kikaonekana. Mama Zaina akageukia ukutani, mabega yakamtetemeka kwa kicheko.

"Unasali mikono juu sana," Fundi akasema. "Njo kombo yako. Nitarefusha shati."

Katekista yule alikuwa mteja wetu mpaka mwisho. Kulikuwa pia na mwalimu aliyehitaji mkono wa kulia wa koti uwe mrefu kuliko wa kushoto, kwa kuwa siku nzima aliunyoosha ubaoni. Kulikuwa na makinista wa treni aliyevaa suruali ikachakaa goti moja tu, na hakuna aliyejua sababu mpaka Fundi alipokwenda stesheni kumtazama akipanda injini kwa goti lile. Mwili ulifanya mambo haya yote bila mwenyewe kujua.

Basi ikaja ile siku. Asubuhi, jua kali, akaingia sajini wa kambi ya askari, sare imenyooka, viatu vinang'aa, kifurushi kwapani. Alitoka mbali, upande wa mto mkubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Shingo yake ililala upande wa kulia, kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu sakafuni. Enzi hizo askari akiingia dukani, watu waliacha kuzungumza. Tukaacha.

Fundi, pini mdomoni, akauliza kama anavyomuuliza kila mtu: "Kombo yako nini, baba?"

Sajini akagonga visigino, akajibu kwa sauti ya gwaride: "Kombo na ngai Ekanga! Sajini Ekanga!"

Mimi nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka. Mama Zaina naye akacheka, na Fundi akakohoa kwa sababu ya zile pini. Uso wa sajini ukabadilika.

"Bozoseka nini?" akafoka. "Munacheka jina yangu? Jina ya baba yangu?"

Akaipiga meza kwa ngumi, chaki zikaruka. Watu wawili waliokuwa mlangoni walitoweka. Mimi nilishika makasi yangu, na mpaka leo sijui nilitaka kuyafanyia nini.

Mama Zaina ndiye aliyesimama. Alikuwa akiuza karanga karibu na kambi zamani, Lingala aliisikia vizuri. Akasema, "Sajini, samahani, baba. Kwenu kombo njo jina. Kwetu, kombo njo kupinda."

"Jina yangu imepinda?" Sajini akazidi kuwaka.

"Hapana! Jina yako iko muzuri. Fundi anauliza mwili yako inapinda wapi, apate kukata nguo ikukale muzuri. Anauliza bantu bote. Aliuliza ata katekista."

Mkono wa sajini ukapanda wenyewe shingoni. Akavuta kiti, akakaa, akavua kofia. Akatuambia kwamba alianguka kutoka kwenye lori wakati wa vita, huko mbali alikopelekwa, na shingo ikapona vibaya.

"Ku kambi tuko Ekanga batatu," akasema. "Bakiita Ekanga, tunaitika bote. Bakiita Ekanga-Shingo, naitika mi peke yangu." Akafikiri. "Basi kombo yenu na kombo yetu, iko kitu moja."

Fundi Rajabu akatoa pini zote mdomoni, jambo ambalo hakulifanya ovyo. "Sajini," akasema, "miaka yote nauliza hilo neno, na sikulijua mupaka leo."

Tangu asubuhi ile, dukani mwetu kombo haikuwa kasoro tena. Ilikuwa ni upindaji unaokutambulisha, kitu ambacho ukikitaja watu wanajua ni nani, hata bila kumtaja jina. Wateja wakalichukua, wakalipeleka sokoni, wakalipeleka makwao, na nyinyi mkalikuta.

Ila sajini hakuja kutufundisha maneno. Ndani ya kifurushi kulikuwa na gabardini nyeusi, nzuri, kipande cha mwisho katika duka la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Alitaka kumuoa Yuliana, binti wa mtu wa reli, Mkatoliki, watu wa kwetu kaskazini. Binti alikubali. Baba yake alikataa.

"Anasema namuangalia kando-kando," sajini akatueleza. "Anasema, huyu askari ananizarau. Mi simuzarau! Ni shingo!" Aliyasema hayo na macho yamelowa, mtu mkubwa vile. Wazee walikuwa wamempa nafasi moja tu, ajitokeze Jumapili nyumbani kwao, mbele ya ukoo. "Fundi, unishonee veste, koti ya kuninyoosha."

"Kunyoosha sitaweza," Fundi akasema. "Lakini leta."

Alipokwisha kupimwa na kuondoka, Fundi akatandika gabardini juu ya meza. Akachora kwa chaki. Mimi nikiwa ng'ambo ya meza niliona mistari inacheza. Nilikuwa nimeiona ikicheza kwa muda sasa, nikajifanya sikuona. Akachukua makasi. Nyembe zikaanza kugongana zenyewe, tititi, kama meno ya mtu mwenye homa. Akayaweka chini. Akayachukua tena. Yakagongana tena. Mama Zaina alikuwa ameacha kushona.

"Rajabu," akasema polepole.

"Mupeleke Sajini kitambaa yake," Fundi akaniambia bila kunitazama. "Aende kwa fundi wa muji."

"Hapana," nikasema.

"Ngoy, mikono imekwisha. Umeona."

"Nimeona. Nitakata mi."

"Wewe umekata kaki na amerikani. Ukikosa hapa, hakuna kitambaa ingine. Na yule muntu anapoteza bibi."

"Nitakata mi," nikarudia. Niliujua mkono wangu kuliko nilivyojijua. Watu waliufunga kwa kamba, wakaufukuza sokoni, nikausimamia mpaka ukapata makasi yake. Singekubali ufungwe tena siku ile, kwa sababu ya woga wangu mwenyewe. Na singekubali duka lile lirudishe kitambaa cha mtu.

Fundi akalaza viganja vyake viwili bapa juu ya gabardini, akaegemea kwa uzito wake wote. Na hapo mikono ikatulia. Ikishika kitu ilitetemeka. Ikigandamiza ilikuwa imara kama pasi ya makaa. "Nitashika kitambaa," akasema. "Wewe fuata."

Tukakata hivyo, uso kwa uso. Viganja vyake vilitangulia, makasi yangu yakafuata nyuma ya vidole vyake. Hakusema ila "polepole," na "vuta pumzi," na mara moja tu, "simama!" kwa ukali, kwa sababu jasho lilitaka kudondoka kwenye kitambaa. Mama Zaina akaja akanifuta uso kwa kanga yake kama mtoto.

Kwenye kola nilitaka kuifanya sawasawa, kulia na kushoto. Fundi akakataa. "Ukiweka kola ya kunyooka ku shingo ya kulala, bantu bote bataona shingo. Fuata shingo yake. Upande huu ushuke, huu uinuke. Jicho haitapata kitu ya kupimia." Hilo nalo mlishike. Nguo ikibishana na mwili, watu hutazama ugomvi.

Sajini alipokuja kujaribu, alisimama mbele ya kioo chetu chenye ufa. Shingo ilikuwa palepale ilipokuwa. Lakini alianza kuisogeza, huku na huku, kama mtu aliyevuliwa kitu. Alisema, "Hainikabi." Akarudia kwa Lingala, kisha akakaa kwenye kiti, akafunika uso kwa kofia. Tulimwacha. Fundi akajifanya anatafuta chaki.

Jumapili ile sikula. Jumatatu hakuja mtu. Nikaanza kuona makosa yote niliyoyafanya, hata ambayo sikuyafanya. Siku iliyofuata alikuja mzee mmoja wa reli, mfupi, sauti nzito, kifurushi cha kaki mkononi. Nyuma yake akaingia sajini, anacheka mpaka magego.

"Njo hapa balishona ile veste?" mzee akauliza.

"Njo hapa, baba," Fundi akajibu.

"Mi nilifikiri huyu kijana eko na majivuno. Kumbe kola ya kazi ilikuwa inamunyonga, anakunja uso kila wakati. Jumapili alikaa na mi, tukasema, tukakula, nikamuona, nikamupa binti." Akaweka kaki juu ya meza. "Unikatie patalo, suruali ya kazi. Lakini usiniulize mambo ya kombo, niliisha kusikia. Mi sina."

Alisimama huku akijikuna sikio la kushoto kwa mkono wa kulia, mkono umepita juu ya kichwa. Hakuna aliyemwambia.

Fundi Rajabu hakushika makasi tena. Alibaki ndiye anayeuliza na anayetandika viganja, nami ndiye ninayekata. Mteja akiiona mikono yake ikitetemeka na kuuliza ana ugonjwa gani, alijibu bila kuona haya, "Ni kombo yangu," kisha anamuuliza ya kwake. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alinitaka nikakate kwenye karakana yake, meza zimepangwa safu, watu wote wanatazama upande mmoja, na makasi ni ya karakana. Nilimshukuru. Sikwenda hata kuiona.

Fundi alifariki miaka michache baadaye, kabla ya uhuru, asubuhi ya mvua nyepesi. Walipojipanga kumswalia, mimi nilisimama nyuma, kwa kuwa si Mwislamu, na Sajini Ekanga akaja kusimama kando yangu. Mbele yetu kulikuwa na safu za wanaume, bega kwa bega, migongo imetuelekea. Sikuona uso hata mmoja. Lakini koti baada ya koti niliyatambua: bega lililoshuka, mkono uliorefushwa, mgongo uliopewa nafasi. Nilikuwa nimeyakata yote. Aliyekuwa ameshika kitambaa kila mara alikuwa amelala pale mbele, amevikwa nguo isiyohitaji kipimo.

Sajini akaniinamia, shingo imelala upande wake.

"Sasa, kaka, nani atakushikia kitambaa?"

Mvua ilikuwa inaingia machoni, nikaifuta kwa mkono wa kushoto.

"Leta kitambaa yako Jumatatu," nikamwambia. "Asubuyi na mapema. Nitakuwa nimefungua."